Sahani ya kaboni ina nini ndani? Mwongozo wa kupima densiti, nyuzi na ukakamavu kwa vifaa vya karakana

Fundi wa boti akipewa kipande cheusi cha kaboni, yaani nyuzi za kaboni zilizoshikwa pamoja na resini, kwanza atakipimapima kwa kiganja, kisha atasema: "Chepesi kweli, hii ndiyo yenyewe." Nimeyasikia hayo Kibirizi na Ujiji, Kigoma, na nimewasikia hata vijana waliotoka chuoni na cheti mkononi. Wepesi si kipimo cha ubora. Sahani inaweza kuwa nyepesi kwa sababu imejaa hewa. Vilevile inaweza kuwa na densiti ileile ya kaboni halisi huku ndani yake hamna uzi hata mmoja wa kaboni. Hilo la pili watu hulibishia, kwa hiyo nitalionyesha kwa hesabu.

Mwongozo huu ni wa fundi anayetandika kitambaa cha kaboni kwa resini ya epoksi (gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu) kwa mkono, au aliyeletewa sahani, fito au kasia na anataka kujua amepewa nini kabla hajakifunga kwenye chombo kitakachoingia ziwani usiku. Hauhitaji maabara. Unahitaji uvumilivu na daftari.

Andaa vifaa

Mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, ile wanayotumia masonara na wanunuzi wa dhahabu. Vernia, kifaa cha taya cha kupimia unene. Kipimajoto. Bakuli jepesi la plastiki linaloonyesha ndani. Uzi mwembamba wa nailoni wa kushonea nyavu. Sabuni ya maji, msasa namba 400, mita ya umeme ya mafundi redio, jiwe la mizani la kilo 2 la dukani, na simu ya kufanyia hesabu. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima iache, kwa sababu kosa lake ni kubwa kuliko kitu chenyewe tunachokitafuta.

Hatua ya 1: Jua malighafi kabla ya mchanganyiko

Densiti ni uzito wa kila sentimita moja ya ujazo. Nyuzi za kaboni za kawaida, zile zinazofumwa vitambaa vingi vinavyouzwa, zina densiti ya 1.76 hadi 1.80 g/cm³. Nitatumia 1.78. Epoksi iliyokwisha kukauka huwa kati ya 1.10 na 1.25, na nyingi huangukia karibu na 1.18. Nyuzi za kioo za faiba tuliyoizoea zina takribani 2.56. Alumini ni 2.70, chuma ni 7.85, na mbao ya mninga iliyokauka vizuri ni kama 0.6 na kitu.

Usichukue namba ya epoksi kutoka kwenye kopo ukaridhika. Mara nyingi kopo hutaja densiti ya resini ikiwa bado majimaji, na resini husinyaa inapokauka, hivyo densiti yake hupanda. Siku unapotandika, mimina resini ileile yenye hadina yake (dawa ya kuikausha) kwenye kifuniko cha chupa, iache ikauke pamoja na kazi, kisha uipime kwa njia ya maji nitakayoeleza kwenye hatua ya 5. Kipande hicho kidogo kitakuokoa baadaye kuliko unavyodhani.

Hatua ya 2: Kokotoa unachotarajia

Kanuni ni moja, nayo ni rahisi. Densiti ya mchanganyiko ni sehemu ya nyuzi kwa ujazo mara densiti ya nyuzi, ukijumlisha sehemu ya resini mara densiti ya resini. Kama hakuna hewa ndani, matokeo ni haya:

Nyuzi asilimia 30: 1.36
Nyuzi asilimia 42: 1.43
Nyuzi asilimia 50: 1.48
Nyuzi asilimia 60: 1.54

Anayetandika kwa mkono na brashi hupata asilimia 35 hadi 45. Anayevuta resini kwa pampu ya vakyumu chini ya mfuko hufika 50 au kupita kidogo. Asilimia 60 ni kazi ya kitambaa kilicholoweshwa resini kiwandani na kuivishwa kwa joto na mgandamizo. Akikuambia mtu kwamba ametandika kwa brashi kwenye kivuli cha mwembe akapata 60, mpe kiti akae, muanze hesabu pamoja.

Sasa angalia jinsi namba hizo zilivyobanana. Toka sahani yenye nyuzi chache mpaka ya kiwandani, tofauti haifiki 0.2. Pointi kumi za nyuzi zinabadilisha densiti kwa 0.06 tu, na hewa ya asilimia 4 inaishusha kwa karibu kiasi hichohicho. Ukipima 1.38 hujui kama nyuzi ni chache au hewa ni nyingi.

Na sasa lile la ubishi. Chukua mkeka wa nyuzi za kioo, ule wa vipande vifupi vilivyotawanywa, uloweshe kwa resini ya poliesta hadi kioo kiwe asilimia 30 ya uzito, kama ilivyo kawaida kwenye boti za faiba. Gawa 0.30 kwa 2.56, gawa 0.70 kwa 1.20, jumlisha, kisha gawa 1 kwa jumla hiyo. Jibu ni 1.43. Ndiyo, ileile ya kaboni ya asilimia 42. Paka rangi nyeusi, piga vanishi, na kiganja wala mizani havitakuambia lolote. Hata hivyo ukakamavu wa sahani hizo mbili, yaani uwezo wa kutopinda, unatofautiana kwa mara tano hadi saba.

Hatua ya 3: Hakikisha ni kaboni

Kaboni hupitisha umeme, kioo hakipitishi. Kwangua ncha mbili za kipande kwa msasa hadi nyuzi zionekane, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), kandamiza sindano zake kwenye ncha hizo. Kaboni itakupa omu chache au makumi kadhaa. Kioo hakitasogeza namba. Usipime juu ya vanishi, maana resini nayo haipitishi umeme na utamsingizia mwenye mali.

Kisha tazama ukingo uliokatwa. Zipo sahani zenye tabaka moja la kaboni juu kwa ajili ya sura, na chini yake ni kioo kitupu. Ukingo wa kaboni ni mweusi toka juu hadi chini. Tabaka za kioo huonekana zenye weupe au ukijani, na mwanga wa tochi hupenya kidogo.

Hatua ya 4: Kata sampuli

Kata kipande cha milimita 100 kwa 50, si cha pembeni kabisa. Ingia ndani angalau sentimita 3, kwa sababu pembezoni resini hukusanyika au hukimbia. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo au grinda yenye diski ya almasi, na mwagia maji wakati wote. Vumbi la kaboni linawasha ngozi, halifai kuingia mapafuni, na kwa kuwa linapitisha umeme linaweza kuunguza inveta au chaja ya betri iliyo jirani. Vaa barakoa ya vumbi, miwani na mikono mirefu. Usikate karibu na mahali mnapochajia taa za dagaa.

Lainisha kingo kwa msasa, osha kwa sabuni, suuza, kausha. Epoksi hunywa maji taratibu, kwa hiyo kipande kilicholala kwenye unyevu wa masika kina uzito wa ziada. Kiweke mahali pakavu penye joto, ukipime leo na kesho. Uzito ukitulia, endelea.

Pima unene kwa vernia sehemu nane tofauti, uziandike zote. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.2, tayari umeshajifunza jambo kuhusu aliyetandika.

Hatua ya 5: Pima hewani, kisha majini

Njia ya vernia, yaani urefu mara upana mara unene, hukupa ujazo wa kukisia. Upande wa juu wa sahani ya mkono una mabonde, na vernia hukaa juu ya vilima. Maji hayadanganyiki hivyo.

Chemsha maji kisha uyaache yapoe kabisa, ili hewa iliyoyeyuka ndani yake itoke. Maji ya mvua ni mazuri. Hata ya Ziwa Tanganyika yanafaa ukiyachuja. Yana chumvichumvi chini ya gramu 1 kwa lita, na kwa kazi hii hilo halibadilishi kitu. Tia tone moja la sabuni ili maji yashike uso wa kipande.

Pima kipande kikavu kwenye mizani. Andika.

Weka bakuli la maji juu ya mizani, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Funga kipande kwa uzi, ukining'inize kutoka kwenye fimbo iliyolazwa juu ya viti viwili au matofali mawili, kizame chote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itaonyesha namba. Hiyo ndiyo gramu za maji yaliyosukumwa na kipande. Fimbo lazima ikae kwenye kitu kingine, si kwenye mizani, na usiishike kwa mkono, maana mkono unatetemeka.

Chunguza vipovu. Kipovu kimoja kikubwa kama punje ya mtama kina ujazo wa kutosha kuharibu tarakimu ya mwisho. Vifute kwa brashi ndogo ya rangi.

Soma kipimajoto. Maji ya nyuzijoto 20 yana densiti ya 0.998, ya 26 yana 0.997, ya 30 yana 0.996. Tofauti ni ndogo lakini kuiandika ni bure.

Densiti ya kipande ni uzito wa hewani, mara densiti ya maji, gawa kwa namba uliyosoma kipande kikiwa majini. Uzuri wa njia hii ni kwamba mizani ikiwa inakosea kwa uwiano uleule kila mara, kosa lake linajifuta, kwa kuwa umegawa kipimo kimoja kwa kingine cha mizani hiyohiyo.

Tuchukue mfano wa sahani ya tabaka 10 za kitambaa cha gramu 200 kwa kila mita ya mraba, iliyotandikwa kwa mkono, unene wa wastani milimita 2.7. Kipande cha milimita 100 kwa 50 kina uzito wa gramu 18.82 hewani. Majini mizani inasoma 13.46, joto nyuzi 26. Densiti ni 18.82 × 0.997 ÷ 13.46, yaani 1.39. Ujazo ni 13.46 ÷ 0.997, yaani sentimita za ujazo 13.50.

Wengi huishia hapa, wakaandika 1.39 kwenye karatasi na kuiita ripoti. Bado.

Hatua ya 6: Tafuta sehemu ya nyuzi

Kwa faiba ya kioo kuna njia ya zamani na nzuri: unachoma kipande kwenye tanuri, resini inateketea, kioo kinabaki, unakipima. Kwa kaboni usifanye hivyo kwenye tanuri la kawaida. Kaboni yenyewe huungua ikipata joto kali na hewa, na ukitoa kipande utapima kilichosalia, si kilichokuwemo. Maabara hutumia asidi kali kuyeyusha resini. Asidi ya nitriki inayochemka haina nafasi kwenye karakana ya mbao na petroli, kwa hiyo tuiache.

Njia yetu ni kuhesabu tabaka. Kitambaa kina uzito unaojulikana kwa mita ya mraba, na idadi ya tabaka unaijua au unaihesabu kwenye ukingo uliosuguliwa kwa msasa laini na kulowanishwa. Kipande chetu kina eneo la mita za mraba 0.005. Nyuzi zake ni 10 × 200 × 0.005, yaani gramu 10. Gawa kwa 1.78 upate ujazo wa nyuzi, sentimita za ujazo 5.62. Gawa kwa ujazo wote wa 13.50. Nyuzi ni asilimia 41.6.

Kuna njia ya mkato ya kukagua kwa unene peke yake, inayofaa hata kabla ya kukata chochote. Tabaka moja la gramu 200, kama lingekuwa kaboni tupu isiyo na resini, lingekuwa na unene wa milimita 0.112. Kwenye sahani yenye nyuzi asilimia 50 kila tabaka huchukua milimita 0.225, na kwenye asilimia 40 huchukua 0.28. Ukimkuta mwenzio ana tabaka 10 zenye unene wa milimita 3.5, nyuzi zake ni asilimia 32, na pesa yake imekwenda kwenye resini.

Hatua ya 7: Tafuta hewa, na ukubali mipaka ya kipimo

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayowapotosha watu kuliko zote.

Uzito wa resini ni jumla toa nyuzi: 18.82 − 10.00, yaani gramu 8.82. Densiti ya resini, uliyoipima kwenye kile kipande cha kifuniko, tuseme ni 1.18. Ujazo wa resini ni 7.47. Jumlisha na nyuzi 5.62, unapata 13.09. Lakini maji yalisema ujazo ni 13.50. Pengo la 0.41 ni hewa, na gawa kwa 13.50 ni asilimia 3.

Vizuri. Sasa tuisumbue hiyo 3. Tuseme resini yako ni 1.20 na si 1.18. Ujazo wake unashuka hadi 7.35, na hewa inapanda kukaribia asilimia 4. Tuseme kitambaa ulichoambiwa ni gramu 200 kina 190. Nyuzi zinakuwa gramu 9.5, resini 9.32, na hewa inashuka karibu na 2. Vitambaa kupungua au kuzidi kwa kiasi hicho ni jambo la kawaida. Kwa hiyo ukweli ni kwamba sahani hii ina hewa ya asilimia 2 hadi 4. Anayekuandikia "3.04" ameamini kikokotoo kuliko kazi ya mikono yake.

Dawa iko mwanzoni, si mwishoni. Kata kipande cha kitambaa kikavu cha milimita 200 kwa 200 kutoka kwenye kila roli, ukipime, uzidishe kwa 25 upate gramu kwa mita ya mraba. Mimina kile kifuniko cha resini. Hayo mawili yakipimwa, shaka inapungua mno. Ukipata hewa hasi, yaani ujazo wa vitu kuzidi ujazo wa maji, usishtuke na usifiche. Maana yake densiti moja uliyoiazima si ya mali yako.

Kitu kingine: maji huingia kwenye matundu yaliyofunguka juu au ukingoni, na matundu hayo hayahesabiki kama hewa. Kipande kikitoka majini, kikifutwa kwa kitambaa na kikaonekana kimeongezeka uzito papo hapo, kina mifereji inayofungukia nje. Kwa chombo cha ziwani hiyo ni habari mbaya kuliko tundu lililofungwa katikati.

Kwa nini tunahangaika na asilimia mbili tatu? Kwa sababu hewa hukaa kati ya tabaka na tabaka, mahali ambapo resini peke yake ndiyo inayoshika. Nguvu ya tabaka kutotelezana hushuka kwa takribani asilimia 7 kwa kila asilimia 1 ya hewa. Viwanda vya ndege kwa kawaida havikubali zaidi ya asilimia 1 au 2. Kwa fito ya taa, 3 si msiba. Kwa sehemu inayopigwa na mawimbi usiku kucha, rudia kazi: tumia rola yenye meno kutoa hewa, loweka kila tabaka kutoka chini kwenda juu, na usichanganye resini nyingi mara moja kwenye joto letu, maana huanza kushika kabla hewa haijatoka.

Hatua ya 8: Pima ukakamavu kwa jiwe la kilo 2

Densiti imeshakupa nyuzi na hewa. Ukakamavu unakuambia kama nyuzi hizo zinafanya kazi.

Kata utepe wa upana wa milimita 25 na urefu wa milimita 260. Ulaze juu ya mabomba mawili ya duara yaliyoachana milimita 200 kamili. Umbali huo uwe angalau mara 40 ya unene, la sivyo utapima na mambo mengine. Pima kwa vernia kimo cha katikati ya utepe kutoka mezani. Ning'iniza jiwe la kilo 2 katikati, pima tena. Tofauti ni mpindo.

Ukakamavu ni nguvu mara umbali ukizidishwa wenyewe mara tatu, gawa kwa nne mara upana mara unene ukizidishwa wenyewe mara tatu mara mpindo. Kilo 2 ni niutoni 19.6. Kwa utepe wetu: 19.6 × 8,000,000 ÷ (4 × 25 × 19.68 × 1.9), ambapo 1.9 ni mpindo kwa milimita. Jibu ni karibu niutoni 42,000 kwa kila milimita ya mraba, yaani GPa (gigapaskali) 42.

Angalia kwamba unene umezidishwa mara tatu. Ukikosea milimita 0.1 kwenye 2.7, ukakamavu unakosea kwa zaidi ya asilimia 10. Ndiyo maana nilisema upime sehemu nane.

Je, 42 ni nzuri? Uzi wa kaboni wa kawaida una ukakamavu wa GPa 230, epoksi kama 3. Kitambaa kilichofumwa kina nusu ya nyuzi upande mmoja na nusu upande mwingine. Nusu ya 41.6 ni 20.8, mara 230 ni 48, ongeza mchango mdogo wa resini na nyuzi za kukingama, kisha punguza kwa sababu nyuzi zilizofumwa zimepindapinda. Matarajio ni 40 hadi 48. Sahani yetu imefaulu. Ule mkeka wa kioo uliopakwa rangi nyeusi ungekupa 6 hadi 8, na mpindo wake chini ya jiwe hilohilo ungepita sentimita moja. Macho tu yangetosha.

Hatua ya 9: Angalia nyuzi zinaelekea wapi

Nyuzi zote zikilazwa upande mmoja, na zikiwa asilimia 60, ukakamavu kuufuata uzi hufika GPa 139 hivi. Kukingama na uzi, sahani hiyohiyo ina kama 9, na huchanika kama kuni kwa nguvu ndogo mno. Densiti ya pande zote mbili ni moja. Kwa hiyo kata tepe tatu: kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari wa digrii 45. Utepe wa mshazari ukipinda mno kuliko wenzake, si kosa, ndivyo kitambaa kilivyo. Ila kama kitu chako kitasokotwa, kama fito inayobeba wavu, unahitaji tabaka za mshazari ndani yake.

Hapa niseme jambo ambalo wauza kaboni hawalipendi. Kwa ubao bapa unaopinda, mninga wa Tabora unaishinda sahani nzima ya kaboni kwa uzito. Mninga una ukakamavu wa GPa 8 hivi, kwa hiyo ubao wake lazima uwe mnene mara 1.7 ili upinde sawa na sahani yetu. Lakini kwa densiti yake ndogo, ubao huo mnene utakuwa na uzito wa robo tatu tu ya sahani ya kaboni. Kaboni hushinda pale unene hauruhusiwi kuongezeka, kwenye bomba jembamba, au inapokuwa ngozi mbili nyembamba juu na chini ya kiini chepesi. Anayetaka kubadilisha sakafu ya boti ya mbao kwa sahani nzima ya kaboni ili "ipungue uzito" afanye hesabu hii kwanza, kisha akanunue mbao.

Hatua ya 10: Jua, maji na ribiti

Epoksi iliyokauka kwa joto la kawaida bila kuivishwa huanza kulegea ikifika nyuzijoto 50 hadi 60. Kitu cheusi kilicholala kwenye jua la saa saba mchana wakati wa kiangazi kinaweza kupita hapo. Usipime hilo kwa utepe wa kawaida, maana nyuzi zinaficha udhaifu wa resini. Tumia utepe wa mshazari, ambao resini ndiyo inayobeba. Pima mpindo wake asubuhi kwenye baridi, kisha mchana ukiwa juani na jiwe likining'inia kwa saa moja. Mpindo ukizidi sana, au ukiendelea kuongezeka huku ukiutazama, resini inahitaji kuivishwa kwa joto la taratibu kama mtengenezaji wake anavyoelekeza, au kitu kipakwe rangi nyeupe. Rangi nyeupe ni nafuu.

Kwa maji, loweka kipande kilichopimwa kikavu kwa wiki kadhaa, ukikipima kila wiki. Kuongezeka kwa asilimia moja hivi ni kawaida ya epoksi. Kikipita sana hapo haraka, rudi kwenye hatua ya 7.

Ribiti za alumini usizigongee moja kwa moja kwenye kaboni. Kaboni, alumini na maji hufanya betri, na anayeliwa ni alumini. Maji ya ziwa letu si ya bahari lakini yanapitisha umeme wa kutosha. Weka tabaka la faiba ya kioo kati yao, jaza tundu kwa epoksi, na ukiweza tumia boliti za chuma kisichoshika kutu.

Uandike nini

Kwenye sahani yenyewe, kwa kalamu ya wino usiofutika: tarehe, kitambaa na uzito wake uliopimwa, idadi ya tabaka na mwelekeo, resini na hadina. Kwenye daftari: densiti kwa tarakimu mbili baada ya nukta, nyuzi kwa asilimia nzima, hewa kwa masafa kama "2 hadi 4", ukakamavu na upande uliopimwa, na joto la siku hiyo. Kipande cha kifuniko kifunge kwenye mfuko wa nailoni pamoja na sampuli, ili mteja akirudi na malalamiko kiwepo cha kupima upya mbele yake.